Miti midogo ya modeli: jinsi ya kutengeneza mwembe, mnazi, mbuyu na mkonge

"Mbona miti yangu inafanana na koliflawa?" "Nitumie waya gani?" "Majani yananunuliwa wapi?" Maswali ni hayo hayo kila mwaka, na huzidi wanafunzi wa usanifu majengo wanapokaribia kukusanya kazi zao. Wanaojenga reli ndogo mezani nao wanayauliza, ingawa wao hawana haraka. Badala ya kumjibu kila mmoja kipande kipande, nimeyaweka yote mahali pamoja.

Miti ninayoelekeza ni ya huku kwetu Tanga. Miti ya modeli inayouzwa tayari mtandaoni mingi ni ya Ulaya, misonobari na jamaa zake, na ukijumlisha usafiri bei inauma. Msonobari ukiusimika mbele ya nyumba ya Chumbageni, hapa Tanga mjini, mtazamaji atahisi kuna jambo halijakaa sawa hata kama hawezi kulitaja. Mwembe wa waya na makumbi, pamoja na kasoro zake, utaonekana uko kwao.

## Anza na mti wa kweli

Kosa la kwanza la wanaoanza halipo kwenye gundi wala rangi, lipo kwenye kimo. Mti unakadiriwa kwa macho, unatoka na sentimita 6, unasimama kando ya nyumba ya ghorofa moja yenye sentimita 7, na kazi yote inaharibika hapo. Mwembe uliokomaa hupita paa la nyumba hiyo kwa mbali.

Hesabu ni moja tu: urefu wa mti halisi, gawa kwa skeli yako, yaani mara ngapi modeli ni ndogo kuliko kitu halisi (1:100 ni mara mia). Mwembe wa mita 15 kwa skeli ya 1:100 ni sentimita 15, kwa 1:200 ni sentimita 7.5, kwa 1:50 ni sentimita 30. Kwa reli ndogo za HO, yaani 1:87, mwembe huohuo ni kama sentimita 17. Mnazi wa mita 20 unakuwa sentimita 20 kwa 1:100 na 23 kwa 1:87.

Kama hujui urefu wa mti, tumia kivuli. Simamisha fimbo ya mita 1 wima karibu na mti, asubuhi au alasiri, kisha pima kivuli cha fimbo na cha mti kwa wakati mmoja. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 50 na cha mti mita 7.5, mti una mita 15. Saa sita mchana usihangaike, jua liko utosini na vivuli vinajikunja chini ya miti.

Piga picha pia: moja ya mbali ili upate umbo zima, moja ya shina, moja ukiwa chini ya mti unatazama juu. Hiyo ya tatu wengi wanaipuuza, na ndiyo inayokuonyesha matawi yanavyogawanyika na mahali mwanga unapopenya. Kisha chora umbo la mti kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa modeli. Mchoro huo utakaa mezani mpaka mwisho, na kila hatua utaulaza mti wako juu yake kuangalia kama hujapotea.

## Vifaa

Karibu vyote vinapatikana mjini, na vingine utapewa bure ukiomba kwa adabu.

- Waya. Bainding waya, ule mweusi laini wa kufungia nondo, upo kila duka la vifaa vya ujenzi. Ubaya wake ni kutu, na upepo wa bahari hauna huruma nao. Waya wa shaba uliotoka kwenye kebo kuukuu ya umeme haufanyi hivyo. Mwombe fundi umeme vipande alivyobakiza, na plastiki yake ichune kwa kisu. Usiichome moto, moshi wake ni sumu.
- Makumbi ya nazi. Tunataka usumba wake, yaani zile nyuzi. Penye muuza madafu au mkuna nazi hutakosa.
- Sponji. Vipande wanavyotupa mafundi sofa. Chagua yenye matundu madogo.
- Unga wa mbao kutoka kwa seremala. Wa mbao nyeupe unashika rangi vizuri. Wa mninga una wekundu wake, uweke pembeni, tutauhitaji chini ya mwembe.
- Gundi ya mbao, ile nyeupe. Nunua kopo la maana, vichupa vidogo vitakuishia katikati ya kazi.
- Rangi za maji: kijani, kahawia, nyeusi, nyeupe, njano.
- Puti ya ukutani kidogo, uzi wa pamba, karatasi nyeupe za kawaida na tishu.
- Vyombo: plaizi, mkasi mkali, wembe au kisu cha karatasi, sindano, brashi kuukuu, chekecheo, na chupa ya kupulizia maji.
- Sabuni ya maji ya vyombo. Tone moja tu, utaona kazi yake.

Maonyo mawili kabla hujaanza. Supagluu ikilowanisha uzi wa pamba hupata moto ghafla na inaweza kukuunguza vidole, kwa hiyo kwenye mnazi tumia gundi ya mbao. Na kama kitako cha modeli yako ni cha sterofomu, lile povu jeupe la kufungashia vyombo, rangi ya kupuliza ya kopo itaila mbele ya macho yako. Puliza miti ikiwa mbali na kitako, au baki na rangi za maji.

## Majani kwanza

Majani yanachukua muda kukauka, ndiyo maana tunaanza nayo hata kama mikono inawasha kukunja waya.

1. Katakata sponji vipande vya ukubwa wa kete ya dama. Tia kwenye blenda na maji hadi vifunikwe, saga kwa vipindi vifupi. Sponji kavu inazungusha kisu bure na kuchosha mota. Blenda iwe ya kazi hii tu, ya jikoni iache jikoni uishi kwa amani. Usipokuwa nayo, katakata kwa mkasi na mwisho sugua kwenye kikwaruzo. Ni kazi ya jioni nzima lakini inawezekana.

2. Kamua maji, gawa sponji mafungu matatu.

3. Koroga rangi. Kijani kama kilivyotoka kwenye kopo usikitumie kamwe, hakuna mti wenye rangi hiyo. Kwa vijiko 4 vya kijani tia kimoja cha kahawia na nyeusi ya ncha ya kijiko: hilo ni fungu la giza. Fungu la pili lipunguzie nyeusi. La tatu liongezee njano. Ongeza maji kidogo na kijiko kimoja cha gundi katika kila rangi ili isiachie vumbi baadaye.

4. Finyanga sponji ndani ya rangi mpaka iingie katikati. Rangi ikibaki juu tu, sponji ikichakaa kwa mwanga utaona manjano yanachungulia.

5. Kamua, tandaza kwenye gazeti kivulini penye upepo. Kiangazi ni siku moja. Masika usishangae zikiwa tatu.

6. Ikikauka, chekecha. Unga laini ni wa skeli ya 1:200 na ya 1:100. Chembe kubwa zaidi ni za 1:50. Mabonge yaliyobaki juu ya chekecheo usiyatupe, yatakuwa vichaka.

Kwa 1:200 unga wa mbao uliotiwa rangi hiyohiyo unatosha, na kusema kweli unakaa vizuri kuliko sponji.

Makumbi yaloweke usiku mmoja, yapige kwa nyundo, chambua nyuzi, anika juani mpaka yakauke kabisa. Yakiwa na unyevu ndani yataota ukungu ukiwa umeshamaliza mti.

## Mwembe

Ukiuweza mwembe umeuweza pia mkwaju, mkungu na mwarobaini, maana njia ni ileile, umbo ndilo linalobadilika. Vipimo vifuatavyo ni vya mwembe wa sentimita 15, skeli ya 1:100.

1. Kata waya. Vipande 16 hadi 20 vya bainding waya, kila kimoja sentimita 22. Kwa waya mwembamba wa shaba chukua 40 au zaidi. Visawazishe upande mmoja.

2. Sokota shina. Acha sentimita 3 chini bila kusokota, hizo ni za mizizi na za kuchomekea. Bana hapo kwa plaizi, sokota sentimita 2 hadi 3 tu. Shina la mwembe ni fupi na nene, linagawanyika mapema. Anayeanza husokota mpaka katikati, akapata mti wenye shingo ndefu ambao haupo Muheza wala Pongwe.

3. Gawa matawi. Gawa nyaya mafungu manne au matano yasiyolingana, moja liwe nene kuliko mengine. Sokota kila fungu kidogo, ligawe tena, sokota, gawa, mpaka ubaki na waya mmojammoja. Kila mgawanyiko uwe mahali tofauti. Matawi yote yakiachana kwenye kimo kimoja, hakuna majani yatakayoficha kosa hilo.

4. Kunja. Matawi makubwa ya mwembe yanapanda kwa kuinama nje, ya chini yanalala na ncha zake zinainuka. Zungusha mti mkononi, uutazame kila upande, na kutoka juu pia. Ukiutazama juu matawi yasipangike kwa usawa. Laza juu ya mchoro, kata yaliyozidi. Upana wa kichwa cha mwembe unakaribia kimo chake, wakati mwingine unakipita.

5. Vaa gome. Changanya gundi ya mbao, puti na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito lakini inapakika. Tia rangi ya kahawia humo humo, ili pakibanduka siku moja pasionekane weupe. Paka shina na matawi makubwa, acha ikauke, paka tena. Mkono wa pili ukianza kushika, chora mistari ya wima kwa sindano, isiyonyooka sana. Kama ulitumia bainding waya, hakikisha hakuna waya ulioachwa wazi.

6. Piga rangi shina. Tazama picha yako tena kabla ya kushika brashi. Gome la mwembe ni kijivu kinachoelekea kahawia, na kwenye jua huonekana jepesi kuliko unavyodhani. Paka kahawia ya giza kwanza, ikauke. Halafu chovya brashi kwenye kijivu chepesi, ifute kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, pitisha juu juu. Kijivu kitakaa kwenye matuta, giza litabaki kwenye mifereji.

7. Tia vitawi vya usumba. Hapa ndipo koliflawa inapokufa. Chukua usumba kidogo, uvute kwa vidole mpaka uwe wavu unaoweza kuona mkono wako upande wa pili. Chovya ncha za matawi kwenye gundi, weka wavu huo juu yake, vuta pembeni usikae kama mpira. Kila tawi na wavu wake, usifunike mti mzima kwa kipande kimoja. Ikikauka, puliza rangi ya kahawia ya giza. Kata nyuzi zinazotoka nje ya umbo, chache ziache.

Wengi huuliza kama stilwaya ya kusugulia sufuria inafaa badala ya usumba. Inafaa kwa mwonekano, lakini pwani inashika kutu na kumwaga vumbi jekundu. Usumba ni bure na haushiki kutu.

8. Mwaga majani. Gundi ya mbao sehemu 1, maji sehemu 2, tone la sabuni ya maji. Bila sabuni mchanganyiko unajikusanya matone matone juu ya nyuzi, ukiwa nayo unaenea. Puliza mti, geuza kichwa chini, nyunyiza fungu la giza kwenye sehemu za chini na za ndani. Geuza wima, puliza tena, nyunyiza rangi ya kati. Mwisho, juu na upande unaopata jua, kidogo sana ya rangi ya njano. Fanya yote juu ya sinia ili ulichomwaga ukirudishe kwenye kopo.

9. Acha madirisha. Mwembe ni mzito wa majani, lakini hata wenyewe una matundu ya kuona mbingu na mahali tawi linapoonekana likipita. Ukishindwa kujizuia na ukajaza kote, chukua kibano utoboe.

10. Majani machanga. Mwembe ukichipua, upande mmoja wa kichwa hupata majani ya rangi ya shaba, mekundu mekundu, yananing'inia laini, wakati upande wa pili bado ni kijani cha giza. Tia rangi ya kahawia nyekundu kwenye sponji kidogo na uitupie sehemu moja tu, juu, upande mmoja. Anayeijua miembe ataiona mara moja. Embe zenyewe kwa 1:100 ni milimita 1 tu, usijisumbue nazo.

Puliza mara ya mwisho gundi nyepesi zaidi, sehemu 1 kwa maji 4. Chini ya mti nyunyiza unga wa mninga: majani makavu ya mwembe hayakosekani, na kivuli chake hakioti nyasi nyingi.

## Mnazi

Mnazi unaonekana rahisi, na pengine ndiyo sababu mibaya ni mingi. Kwa 1:100:

1. Sokota nyaya tatu ndefu za sentimita 24 (20 za mti, zinazobaki ni za kuchomekea chini na kushikia makuti juu). Shina halisi lina kama sentimita 30 kwa upana, kwa hiyo lako ni milimita 3.

2. Kunja. Mnazi ulioinama huinama kuanzia chini, kisha hujinyoosha kuelekea juu. Usiupinde katikati. Na si kila mnazi umeinama: kwenye kundi la saba, wawili watatu wa kuinama wanatosha, na wasielekee upande mmoja isipokuwa wako ufukweni kabisa.

3. Paka gundi, zungushia uzi wa pamba kutoka chini hadi juu. Sentimita moja ya chini rudia mara tatu au nne ili kitako kivimbe, maana mnazi una kitako. Mistari ya uzi ndiyo itakayokuwa makovu ya makuti yaliyodondoka. Paka mchanganyiko wa gome mwembamba sana, usije ukaizika. Rangi ni kijivu.

4. Paka karatasi ya kawaida rangi ya kijani pande zote mbili, ikauke. Kuti halisi lina mita 4 hadi 6, lako ni sentimita 5 hivi. Laza waya mwembamba au uzi mgumu katikati ya vipande viwili vya karatasi, gundisha. Huo ndio upongoo.

5. Kata umbo la jani refu, upana milimita 15 katikati, ncha zote mbili nyembamba. Kisha kata mikato myembamba kutoka ukingoni kuelekea upongoo, ikilala kuelekea ncha ya kuti. Mikato ya kusimama wima ndiyo kosa kubwa kuliko yote kwenye mnazi. Karibia upongoo bila kuugusa.

6. Pitisha mgongo wa mkasi chini ya kuti lijikunje. Mikato ipinde kidogo chini.

7. Mnazi mzima unabeba makuti kama 30. Kwa modeli 18 hadi 20 yanatosha jicho. Anza na ya chini: matatu yananing'inia karibu na shina, mawili kati ya hayo yawe makavu, ya kahawia. Ya katikati yalale. Ya juu yasimame, na katikati kabisa chomeka chipukizi moja jembamba lililofungwa. Watu hupanga makuti yote kwenye duara moja la bapa. Yapange kwa ngazi tatu, kila ngazi ikijaza nafasi za ngazi ya chini yake.

8. Nazi: punje za uwele kwa 1:100, ulezi kwa 1:200. Zipake kijani cha njano, gundisha kwa kikonyo chini ya makuti, sita saba, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwa 1:50 unaweza kuchonga kwa wembe vile vidato vya mkwezi kwenye shina. Kwa skeli ndogo havionekani.

Kuna wanaotumia manyoya ya kuku yaliyopunguzwa. Yanapendeza siku ya kwanza, baadaye wadudu wanayala. Ukindu nao unachanika vizuri kwa sindano lakini ukikauka unavunjika. Karatasi imenishawishi kuliko vyote viwili.

## Mbuyu

Huu ni mti wa kumpa mtu aliyekata tamaa, kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka hauna majani. Kwa 1:100 fanya shina la upana wa sentimita 4 na kimo chote sentimita 15.

Finyanga gazeti liwe chupa nene, pitisha katikati fungu la waya lenye matawi juu, funga kwa selotepu ya karatasi. Vaa tishu iliyolowa gundi, tabaka mbili tatu, halafu puti. Laini kwa kidole kilicholowa maji, na kabla haijashika bonyeza mikunjo ya wima na mashimo machache. Matawi ya mbuyu ni manene yanapoanza na yanachongoka ghafla, kwa hiyo yavimbishe kwa puti karibu na shina. Rangi ni kijivu chenye wekundu wa mbali. Usilikwaruze kwa sindano: gome la mbuyu ni laini, halina mifereji ya mwembe.

Ukitaka majani, weka machache kwenye ncha tu. Mbuyu wa tambiko, kama ile ya njia ya Pangani, unaweza kuufunga uzi mwekundu na mweupe shinani. Kitu kidogo, lakini kinaeleza mengi kuhusu mahali.

## Mkonge

Mkonge si mti, najua. Ila huwezi kutengeneza reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, bila kuipitisha kwenye mashamba ya mkonge.

1. Paka karatasi kijani chenye kijivu na buluu kidogo. Kata utepe wa upana wa milimita 17 kwa 1:87. Huo ni mmea wa mita 1.5.

2. Upande mmoja kata meno marefu, membamba, yenye ncha. Upande wa pili acha milimita 3 bila kukata.

3. Viringisha utepe kwenye njiti ya ufagio wa chelewa iliyopakwa gundi. Ikishika, fungua meno nje, ya ndani yabaki wima.

4. Mmea unaovunwa hukatwa majani ya chini, kwa hiyo acha kishina kidogo kinachoonekana.

Upandaji wa mistari miwili miwili huacha njia ya mita 4, mita 1 kati ya mistari pacha, na kama sentimita 80 kati ya mche na mche. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 46, 11.5 na 9. Piga mistari kwa rula kabla ya kuchomeka. Eneo la sentimita 30 kwa 30 litameza mikonge kama 340, kwa hiyo tengeneza kwa makini mistari ya mbele tu. Ya nyuma iwe vipande vitatu vinne vya karatasi vilivyokutanishwa. Nyasi za njiani ni kamba ya katani iliyokatwa vipande vya milimita 5 na kutiwa rangi.

## Kusimika

Toboa kitako, tia gundi (isipokuwa miti mirefu ya modeli itakayosafirishwa), chomeka ile miguu ya waya. Nyaya mbili tatu zikunje nje ziwe mizizi, uzifunike kwa mchanganyiko wa gome mpaka shina lionekane limetoka ardhini. Mti uliochomekwa bila mizizi unaonekana umechomekwa. Usipande kwa mistari na nafasi sawa, isipokuwa mkonge na minazi ya shamba.

## Matatizo ya kawaida

Madoa ya kahawia yanajitokeza kwenye shina. Kutu imepenya. Kwangua, paka varnishi kwenye waya, ikauke, rudia gome. Mti ujao tumia shaba.

Majani yanapukutika. Gundi ilikuwa nyepesi mno, au ulinyunyiza ikiwa imeanza kukauka. Puliza maji yenye tone la sabuni, kisha gundi ya 1 kwa 4, usiguse mpaka kesho yake.

Gundi imekauka ikabaki nyeupe. Mara nyingi bado ina unyevu ndani, hasa masika. Weka mti karibu na feni kwa siku moja kabla ya kuamua. Ikikataa, nyunyiza majani kidogo juu yake.

Mende na sisimizi wanaula mti. Ulitumia gundi ya uji wa ngano. Hakuna dawa, tengeneza upya kwa gundi ya mbao.

Mti unaegemea. Kichwa ni kizito kuliko mguu. Ongeza urefu wa waya wa chini, au kitako cha sterofomu kiwekee kipande cha mbao mahali pa mti.

Ndani ya chumba miti yote inaonekana myeusi. Ulichanganya rangi ukiwa juani. Ongeza njano na nyeupe kidogo kwenye tabaka la juu, ukiwa chini ya taa itakayotumika siku ya kuonyesha.

Matawi yamekunjika njiani. Usisafirishe modeli ikiwa na miti, si kwa bajaji wala kwa daladala. Miti mirefu isigundishwe: ichomeke tu kwenye matundu yake, ibebe kwenye boksi lenye sterofomu chini, na uisimike ukishafika. Beba pia kichupa cha gundi, kibano na kopo dogo la majani ya kila rangi.